Kulwa na Doto wetu si mapacha

Mtaani kwetu Buhongwa, Mwanza, watoto wetu wanaitwa Kulwa na Doto, majina wanayopewa mapacha, na karibu kila mgeni huuliza nani alitangulia kutoka. Hakuna aliyetangulia. Si mapacha, wala si ndugu wa damu. Walikutana kwenye makao ya watoto, wakalazwa kitanda kimoja, ikafika mahali ukimhamisha mmoja, mwingine hali chakula. Sisi tulikwenda tukiwa tumejiandaa kwa mtoto mmoja. Afisa ustawi wa jamii akatueleza kwa upole jinsi hawa wawili walivyozoeana, akatuachia tukafikirie. Tulipiga hesabu mpaka usiku wa manane. Asubuhi mume wangu akasema, "Kama ni uji, sufuria ni ileile."

Niseme mapema kwamba sufuria haikuwa ileile. Lakini sijutii, na ninaandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza maisha ya nyumbani na watoto wa kuasili yanakuwaje, kila mtu alikuwa na habari za mahakama na hakuna aliyekuwa na habari za saa nane usiku. Nilichoambiwa kuhusu walikozaliwa hakimo humu. Hiyo ni mali yao wenyewe, wakikua wataamua wamwambie nani.

Makaratasi nitayapitia haraka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Mlango wa kuingilia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, kwa hiyo usianzie kwenye makao na kuchagua mtoto kama unayechagua kitenge. Watakuja kwako, watatazama mtoto atalala wapi, watauliza kipato, afya, ndoa, wadhamini, na barua ya serikali ya mtaa. Kisha mtoto anaishi kwako kwa malezi ya kambo huku afisa akifuatilia. Sheria inasema isipungue miezi mitatu mfululizo, ila jiandae kwa muda mrefu zaidi. Baada ya hapo shauri linakwenda Mahakama Kuu na husikilizwa faragha. Amri ikitoka inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na mtoto anakuwa wako kama uliyemzaa, urithi ukiwamo. Tulilipa wakili, nauli, nakala na mihuri. Mtoto halipiwi. Mtu akikunong'oneza kwamba ukitoa kitu kidogo utapata mtoto haraka, hiyo ni biashara ya watu, ondoka hapo.

Suala la likizo lilinishtua. Sheria yetu ya kazi inampa anayejifungua siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Mimi sikujifungua. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, ile ya siku 28, nikaiunganisha na siku chache ambazo bosi alinipa bila malipo. Kama unafikiria kuasili, anza kulimbikiza likizo mapema na uzungumze na mwajiri kabla simu ya ustawi haijalia, kwa sababu ikilia haikusubiri.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kununua jogoo na kualika kwaya kutoka Magu. Afisa ustawi alikuwa ametuonya: hakuna sherehe, hakuna msururu wa wageni wiki za mwanzo, wawazoee ninyi wawili kwanza. Mume wangu akampigia simu. "Mama, shikamoo. Jogoo abaki hai kidogo." Alinuna. Alinuna hasa, siyo mchezo, na alipokuja hatimaye na michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu bado alikuwa ananisalimia kwa mkato. Ningerudi nyuma ningefanya vilevile. Mtoto wa miaka miwili aliyehamishwa kwenye nyumba asiyoijua, akapokelewa na watu thelathini wanaomrusha juu, hawezi kujua kati yao nani atabaki naye kesho.

Tulikuwa tumewaandalia chumba kizuri: vitanda viwili vidogo, neti mpya, ukuta wa rangi ya maji. Tukawalaza, tukazima taa, tukafunga mlango kwa kunyata kama tunavyoona wazazi wanavyofanya. Niliporudi kuchungulia, Doto alikuwa amekaa wima gizani, anajiyumbisha mbele na nyuma, macho makavu, bila sauti yoyote. Kulwa alikuwa ameshuka kitandani kwake na kukaa pembeni yake. Wala hawakuniita. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kule makao taa ya ukumbini haizimwi, na kuna watoto wanaokohoa na mlezi wa zamu anayetembeatembea. Ukimya wetu ndio uliowatisha. Kesho yake mume wangu alifungua vitanda vyote viwili kwa spana, tukatandika godoro moja sakafuni, taa ya korido ikaachwa inawaka, na redio ndogo ikawekwa chini kabisa inanong'ona taarabu. Mimi nikalala kwenye mkeka kando yao. Kujiyumbisha hakukuisha mara moja. Tulielekezwa tusimshike kwa nguvu wala kumwambia "acha", bali kumwekea kiganja mgongoni na kuongea polepole habari yoyote ile. Nilimsimulia Doto bei ya sato soko la Kirumba mara nyingi mno.

Kulwa tatizo lake lilikuwa chakula. Mchana wa kwanza alikula ugali na dagaa, akaongezwa, akaongezwa tena, akatapika, akanyoosha sahani. Jirani akacheka, "Huyu ana njaa ya mwaka mzima." Haikuwa njaa. Alikuwa na uzito mzuri, makao walikuwa wanamlisha. Ila mahali penye watoto wengi chakula huja kwa saa yake na kikiondoka kimeondoka, na huwezi kujua mwenzako atakunyang'anya saa ngapi. Nilikuta tonge la ugali limekaukia ndani ya foronya. Siku nyingine alilala na nyama shavuni, ikabidi niitoe kwa kidole, na tangu hapo nikawa nakagua mdomo wake kabla ya kumlaza, nawashauri nanyi mkague, kwa sababu mtoto anaweza kupaliwa usingizini.

Hatukumgombeza. Tuliweka kigoda sebuleni chenye bakuli la ndizi mbivu na vipande vya viazi vitamu vya kuchemsha, mahali anapofika mwenyewe, na bakuli halikuachwa tupu. Milo tuliipanga kwa saa zisizobadilika. Lakini kilichosaidia kuliko vyote sikukisoma mahali popote: alipomaliza sahani yake na kuanza kutazama huku na huku, nilimbeba mpaka jikoni, nikafunua sufuria, nikamwonyesha. "Umeona? Kipo. Cha usiku hiki." Alikuwa anachungulia kwa makini kama mkaguzi wa mizani. Ilichukua wiki nyingi za kufunua sufuria. Kisha siku moja akaacha tonge sahanini na kukimbilia kuku, nami nikabaki natazama lile tonge kama mjinga.

Kuhusu kulia, mtanishangaa. Kiwanja chetu ni mawe matupu kama nusu ya nyumba za Mwanza, na watoto wanaanguka kutwa. Doto alianguka kwenye jiwe, goti likachanika, damu ikatiririka mpaka kwenye soksi. Akasimama, akajipangusa, akaendelea kusukuma gurudumu lake. Wanaume waliokuwepo wakasema, "Kidume hicho!" Mtoto wa umri ule asiyelia akiumia ni mtoto aliyejifunza kwamba kulia hakumleti mtu. Kwa hiyo tukafanya kinyume na mtaa mzima: kila alipoanguka tulikimbia, "Pole baba, pole, mama yuko hapa," tukapuliza kidonda, tukafunga kitambaa hata pasipo kidonda. Miezi ikaenda. Jioni moja nasukuma chapati, akaja analia kwa sauti ya king'ora, ananyoosha kidole chenye mkwaruzo usioonekana hata kwa miwani. Mama wa nyumba ya pili akanikaripia kwamba namdekeza. Nikambeba na unga wangu mikononi, wala sikujibu.

Mambo ya mali nayo yalitupa shida kidogo. Makao nguo ni za wote, leo unavaa hii, kesho mwenzako. Tulipowanunulia ndala, Kulwa akalala nazo kwapani. Tukamwacha. Tukawapa vikombe vya rangi tofauti, kila mmoja na ndoano yake ya kutundika nguo, na kugombana kukapungua, ingawa kuumana kulidumu. Doto huuma. Dawa pekee iliyofanya kazi ni kuwatenganisha kwa zamu: Jumamosi mmoja anakwenda na mimi sokoni Igoma, mwingine anabaki na baba yake, wiki ijayo wanabadilishana. Mtoto aliyezaliwa peke yake kwenye nyumba hupata muda wa kuwa peke yake na mzazi bila kuuomba. Hawa hawakuwahi kuupata.

Kuna jambo ambalo watu hulisifia na lilinitia hofu kuliko kuuma. Kulwa alikuwa anamwendea mtu yeyote. Fundi umeme kaingia, kamrukia. Muuza mkaa kapita, kamshika mkono tayari kuondoka naye. "Mchangamfu huyu, hana ugeni!" Mtoto mwenye wazazi anaowajua humtazama mama kwanza. Tukaweka sheria ya nyumba: wageni wanasalimiwa kwa mkono na shikamoo, lakini kubeba, kulisha na kubembeleza ni sisi wawili tu kwa sasa. Ilimuumiza mama mkwe upya, na nilimwelewa. Tukampa kazi yake mwenyewe, hadithi za jioni, watoto wamekaa mkekani na si mapajani. Mapajani walifika baadaye, kwa miguu yao.

Sasa niseme nilipokosea, kwa sababu hili ndilo lililowagharimu watoto. Likizo ilipoisha nilimpata dada wa kazi kutoka Sengerema, binti mwema, msafi, mvumilivu. Nilikuwa natoka asubuhi wamelala na kurudi nimechoka, basi yeye akawaogesha, akawalisha, akawalaza. Doto akawa anamwita mama. Nilijiambia ni afadhali anapendwa. Ulipofika msimu wa mavuno binti akaposwa, akaniaga mimi, akapanda basi. Watoto walikuwa wamelala. Doto aliamka, akamtafuta jikoni, akamtafuta bafuni, akakaa mlangoni. Hakula siku ile wala iliyofuata, na kujiyumbisha kukarudi kama siku ya kwanza. Kwa hesabu yake alikuwa amepoteza mama mwingine, tena mimi ndiye niliyempa huyo mama.

Dada aliyefuata tulimwajiri kwa mkataba tofauti na tukamweleza sababu. Anapika, anafua, anawaangalia wakicheza. Kuoga, chakula cha jioni na kulala ni vyetu. Nilianza kuamka saa kumi na moja alfajiri ili niwaogeshe mwenyewe kabla ya kazi, na nilichukia kila alfajiri hiyo, lakini ilizaa matunda. Pia tuliacha kutoroka. Akina mama wengi tunatoroka mtoto akigeuka, ili asilie. Kwa mtoto wa namna hii kutoroka ni sumu. Muage, mwambie utarudi jua likizama, mwache alie mikononi mwa dada, kisha rudi jua likizama kweli.

Mume wangu ni fundi pikipiki mwenye sauti nzito na ndevu, na walikuwa wamelelewa na wanawake watupu. Akikohoa tu, wanakimbilia nyuma ya pazia. Hakuwafuata. Alihamishia kazi ndogondogo barazani, akakaa chini, akafungua plagi na kabureta mbele yao bila kuwatazama. Baada ya muda akaanza kunyoosha mkono nyuma: "Nipe namba kumi." Kimya. "Namba kumi jamani." Mkono mdogo ukatokea na spana isiyo yenyewe. "Asante fundi." Kulwa alijifunza tarakimu kwa spana kabla ya kwa vidole. Afisa ustawi alipokuja kukagua alikuta watoto wamejaa grisi mpaka masikioni, nikataka kuzama ardhini. Yeye aliandika tu.

Kwa Doto nilipata mapenzi haraka. Kwa Kulwa yalichelewa, na hili ni gumu kuliandika. Alikuwa anatema uji, ananisukuma, ananipiga na kikombe, kisha anamkumbatia muuza mkaa. Nilimfanyia kila kitu, lakini kwa wajibu, kama yaya anayesubiri mshahara, na usiku nililia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa ili mume wangu asisikie. Nilijiona mwizi wa mtoto wa watu. Nilipomwambia afisa ustawi nilitetemeka nikidhani atawachukua. Akaniuliza kama namlisha na kumwogesha bila kumpiga. Nikasema ndiyo. Akaniambia niendelee, tena nitafute wa kunipokea angalau nusu siku kwa wiki nilale. Mdogo wangu akawa anakuja Jumapili. Baadaye nilitumwa kikazi Bukoba, na usiku nikajikuta naota sauti ya Kulwa akifunua sufuria. Nikajua yameingia, sijui tangu lini.

Upande wa afya sina mengi. Muuguzi wa kliniki atakuuliza alizaliwa na kilo ngapi, mimba ilikuwaje, nawe huna jibu. Beba barua ya ustawi, sema "sina taarifa" bila aibu, usitunge. Omba vipimo vya sikoseli hasa ukiwa Kanda ya Ziwa, na vya VVU hata kama makao wamekwambia walipima. Hakikisha kwenye kadi kwamba chanjo ya surua-rubela imetolewa mara mbili, miezi 9 na miezi 18. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita. Kuhusu poti, msiwe na haraka: walikuja wamefundishwa kukaa kwa mstari, wakafika nyumbani wakasahau yote, wakakumbuka wenyewe. Pampasi za rejareja dukani zitakumaliza. Mchana tuliwavalisha nepi za kitambaa, pampasi zikabaki za usiku.

Maneno ya watu hayana kliniki. "Umewatoa wapi?" "Mama yao yuko hai?" "Mungu atakulipa kwa kuwasaidia." Hili la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linasemwa mbele yao na sitaki wakue wakijiona sadaka. Tulikubaliana majibu mafupi: ni watoto wetu, tumewapata kwa njia ya mahakama, mengine ni ya familia. Halafu unahamisha mazungumzo, "Vipi, maji yametoka kwenu?" Baba mdogo wa mume wangu alisema damu si yetu na tutakuja kujuta kwenye mambo ya kiwanja. Mume wangu alimletea nakala ya amri ya mahakama, akamwekea mezani pamoja na chai. Mtaa, kwa upande wake, ulinipa zawadi usiyoijua: baada ya miaka ya kuitwa mke wa fundi, nikaitwa Mama Kulwa.

Wao wenyewe tunawaambia tangu sasa, kidogokidogo, wakiwa wanaoga au tunamenya viazi, ili isije ikawa siri ya kulipuliwa na jirani. Majuzi Kulwa ameniuliza nikimsugua mgongo, "Mimi nilikuwa tumboni kwako?"

"Hapana baba. Ulikuwa tumboni kwa mama mwingine, halafu mimi na baba tukaja kukuchukua."

"Na Doto?"

"Na Doto, kwa mama mwingine tena."

Akawaza. "Na kuku?"

Kwa anayejiandaa kwenda kuchukua mtoto, siku hiyo usitoke makao na begi la nguo peke yake. Uliza analala saa ngapi na kwa upande gani, anabembelezwa kwa wimbo upi, anaogopa nini, anakula nini akiumwa, walezi wamempa jina gani la utani. Omba kadi ya kliniki halisi wala si nakala, na picha, hata iliyopigwa akiwa nyuma ya wenzake. Omba pia namba ya mlezi aliyemzoea, kama uongozi unaruhusu. Sisi tuliruhusiwa. Tunampigia sikukuu, simu inawekwa sauti kubwa, Doto anamweleza habari za plagi, na yeye kila mara anauliza kama Kulwa bado anaficha chakula.

Anaficha, lakini pipi tu, na anamgawia Doto.